Barua kwa mwanangu: Krismasi ya watu wasiokwenda kanisani

Mwanangu mpendwa,

Salamu kutoka Sheffield. Sisi hatujambo, ila baridi imeshaanza kumtafuta mama yako magotini, na ikifika saa kumi jioni giza limeingia. Kaka yako, wifi yako na mtoto wao wazima, wanakusalimu.

Barua yako nimeisoma nikairudia. Umeuliza: "Baba, kila mtu anasema Waingereza wameacha kanisa. Sasa mbona kila Desemba picha anazotuma kaka zimejaa taa, miti na chakula? Kama Kristo wamemwacha, wanasherehekea nini?" Halafu mwishoni ukaongeza kwamba viza imetoka, Krismasi hii utakuwa nasi, na kwa kuwa siku yenyewe tumealikwa kwa wazazi wa wifi yako, unataka kujua watu wanakaaje huko na ubebe nini. Hilo la pili ni jepesi, nitalimalizia. La kwanza ndilo lina mambo.

Waliokuambia hawakukudanganya. Katika sensa ya mwaka 2021, waliojiandikisha kuwa Wakristo katika England na Wales walikuwa asilimia 46.2, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuwa chini ya nusu. Waliosema hawana dini yoyote walikuwa asilimia 37.2. Na hata kati ya hao Wakristo, wengi kanisani utawaona kwenye ndoa, kwenye msiba, na labda usiku wa tarehe 24 Desemba. Wazazi wa wifi yako wenyewe ni wa kundi hilo. Ni watu wema sana, lakini Jumapili asubuhi wako bustanini.

Ila sikukuu haikufa, mwanangu. Imehama. Imetoka kanisani ikaingia majumbani, shuleni, na hata kwenye baa, kama nitakavyokueleza. Ndiyo maana mgeni akiitafuta barabarani haioni. Kwetu Moshi Krismasi unaisikia kabla hujaiona: magari yanapanda mlimani kutoka Dar usiku kucha, spika za kanisa, watoto wa nguo mpya wanaingia kila boma na hakuna anayewauliza wametoka wapi. Hapa tarehe 25 ndiyo siku ya kimya kuliko zote. Treni za abiria hazitembei nchi nzima. Basi ninaloendesha linalala gereji. Maduka makubwa, yaani yanayozidi mita za mraba 280, yamekatazwa kufungua siku hiyo kwa sheria ya mwaka 2004 ya England na Wales. Ukisimama mlangoni kwetu saa saba mchana utasikia harufu ya nyama ya kuoka kutoka kila nyumba, na mlango hata mmoja haujaachwa wazi. Usidhani ni uchoyo. Siku hiyo wanaihesabu ni ya watu wa nyumba ile, na viti vimehesabiwa tangu Novemba.

Maandalizi ni marefu kuliko sikukuu yenyewe. Wiki ya kwanza ya Novemba ikipita tu, madukani zinaanza nyimbo. Tarehe mosi Desemba watoto wanaanza kufungua kalenda ya Majilio, ambayo siku hizi ni kasha la karatasi lenye vidirisha 24, na nyuma ya kila kidirisha kuna chokoleti. Mtoto wa kaka yako anadhani Majilio ni aina ya chokoleti, na sijapata nafasi ya kumsahihisha kwa sababu mdomo wake huwa umejaa. Mti wanaununua, wengine wa kweli, wengine wa plastiki wanaoutoa darini kila mwaka. Watu hupenda kusema kwamba mti uliletwa na Prince Albert, Mjerumani mume wa Malkia Victoria. Hapana, mke wa Mfalme George III, Malkia Charlotte, alikuwa amesimamisha wake Windsor mwaka 1800. Albert na Victoria waliufanya upendwe, baada ya gazeti moja la London kuchapisha mchoro wao na watoto wakiuzunguka mwaka 1848. Ule mti mkubwa unaouona kwenye televisheni, wa Trafalgar Square pale London, unatoka Oslo. Wanorwe wanauleta kila mwaka tangu 1947, shukrani kwa msaada wa wakati wa vita.

Sasa njoo shuleni, maana hapo ndipo jibu lako linapoanza. Shule nyingi za msingi hufanya igizo la kuzaliwa kwa Yesu. Shule ya mjukuu wangu si ya kanisa, ni ya serikali tu, na darasani kwake kuna watoto wa Kipakistani, wa Kisomali, wa Kipolandi na Waingereza wenyewe. Mwaka jana yeye alikuwa mchungaji. Vazi la mchungaji hapa halina mjadala: ni kanzu ya kulalia, na taulo la kufutia vyombo lililofungwa kichwani kwa kamba. Mariamu alikuwa binti wa Kisomali, na ndiye pekee ambaye hakuhitaji kuvalishwa mtandio. Yusufu alilia. Malaika mmoja alimpungia mkono bibi yake kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ukumbi ulijaa wazazi wameinua simu juu, wengi wao hawajui Luka sura ya pili iko upande gani wa Biblia, na bado mwenye nyumba ya wageni alipotamka kwamba hakuna nafasi, watu wazima waliokuwa karibu yangu walikuwa wanajifuta macho. Nikamwuliza baba wa wifi yako, kwa nini shule ya watu wasiosali inafundisha habari hii? Akanitazama kama niliyeuliza kwa nini maji yanashuka mlimani. "Ni Krismasi," akasema.

Wiki hizo hizo kuna siku moja ya kwenda shule au kazini na sweta la ajabu lenye picha za mti au theluji, unatoa mchango mdogo kwa ajili ya watoto wenye shida. Hiyo ni desturi changa, shirika la Save the Children ndilo lililoianzisha mwaka 2012. Kuna mlo wa ofisi, ambao kwetu sisi madereva huwa ni jioni ya bia nyingi kuliko chakula. Kuna kadi pia, ingawa zinapungua. Kadi ya kwanza ya biashara ilichapishwa London mwaka 1843, na leo wazee bado wanazipanga juu ya jiko la moto sebuleni na kukumbuka nani hakutuma.

Lakini ninachotaka sana ukione ukiwa hapa, kwa kuwa wewe ni mwanakwaya, ni nyimbo za baa. Vijiji vya vilimani magharibi na kaskazini ya Sheffield, kama Dungworth na Stannington, vina mila ambayo haiko hivi mahali pengine. Kuanzia Jumapili ya karibu na tarehe 11 Novemba hadi siku ya Boxing Day, watu wanajazana baa za kijiji kuimba nyimbo za Krismasi. Si kwaya, ni wateja. Mmoja anakaa kwenye kinanda, wengine wamesimama bega kwa bega na glasi mkononi, na wanaimba sauti nne bila karatasi. Baba wa wifi yako, ambaye hajapokea meza ya Bwana miaka na miaka, anaimba besi iliyonifanya nisahau bia yangu. Nyimbo nyingi kati ya hizo zilikuwa za kanisani zamani. Karne ya 18 ziliimbwa na wakulima na mafundi waliokaa kwenye roshani ya nyuma ya kanisa na fidla zao. Karne ya 19 mapadri walitaka utaratibu mpya, wakaleta ogani na kwaya za mavazi meupe, na nyimbo za wale mafundi zikaonekana za kishamba. Basi wenyewe wakatoka nazo, wakaenda kuziimba baa. Zipo hadi leo.

Wimbo wa wachungaji waliokuwa wakilinda kundi lao usiku, ulioandikwa na Nahum Tate na kuchapishwa mwaka 1700, kwa muda mrefu ndio pekee wa Krismasi ulioruhusiwa katika ibada za Kianglikana. Kwa kuwa maneno yalikuwa hayo hayo, kila kijiji kikatunga sauti yake. Utausikia jioni moja ukiimbwa kwa tuni hii, watu wakanywa kidogo, kisha ukaimbwa tena kwa tuni nyingine kabisa, na tena. Hakuna anayelalamika kwamba umerudiwa. Mimi nilisimama kona moja nikawaza: hawa watu wamekana kila kitu kwenye fomu ya sensa, lakini hapa wanatangaza kwa sauti nne kwamba leo katika mji wa Daudi amezaliwa Mwokozi, na wanajua kila ubeti. Mchungaji wetu wa kule nyumbani angekosa la kusema. Mimi nilipata la kufanya, niliingia kwenye besi.

Wasiofika baa wanayo redio. Tarehe 24, saa tisa alasiri, kutoka kanisa la King's College la Cambridge inarushwa ibada ya masomo tisa na nyimbo, iliyoanza hapo mwaka 1918 na kusikika redioni tangu 1928. Inafunguliwa na mtoto mmoja akiimba ubeti wa kwanza peke yake, bila kinanda, na mtoto huyo haambiwi kuwa ni yeye mpaka dakika yenyewe ifike. Saa hiyo mama mkwe wa kaka yako huwa jikoni anamenya viazi vya kesho. Mtoto akianza, kisu kinasimama. Ubeti ukiisha, anaendelea kumenya. Ukiwa naye jikoni, nawe nyamaza.

Na makanisa, kwa siku hiyo moja, yanajaa. Alasiri kuna ibada ya watoto ya machungwa: kila mtoto anashika chungwa lililofungwa utepe mwekundu, limechomekwa mshumaa juu na vijiti vinne vya pipi au zabibu kavu. Chungwa ni dunia, utepe ni damu, mshumaa ni Kristo, na zile pipi ni mazao ya nchi, ingawa huwa zimeliwa kabla ya mahubiri. Ukiona utafikiri ni mila ya Waingereza tangu enzi, kumbe ilianza kwa Wamoravian wa Ujerumani mwaka 1747, ndugu wa wale wale wamisionari waliofika Rungwe kwetu Tanzania mwaka 1891, ikaletwa katika makanisa ya hapa mwaka 1968 kupitia shirika moja la kusaidia watoto. Usiku, kama saa tano na nusu, kuna ibada ya usiku wa manane. Mama yako na mimi huwa tunakwenda. Mabenchi yanajaa watu tusiowaona mwaka mzima, wengine wananukia bia, na padri anawahubiria kwa upole mno, kama anayejua kwamba akiwakemea hatawaona hata mwakani.

Usiku huo watoto wanatundika soksi kubwa miguuni pa kitanda. Sebuleni wanamwachia Baba Krismasi pai ndogo ya matunda makavu na glasi ya mvinyo mtamu, na kulungu wake karoti. Kazi ya baba wa nyumba ni kula pai, kunywa mvinyo na kuitafuna karoti iachwe na alama za meno. Kaka yako anafanya hivyo kwa uaminifu mkubwa, ila karoti ananung'unika.

Siku yenyewe sasa. Asubuhi, kukiwa bado giza maana jua linachomoza baada ya saa mbili, watoto wanamwaga soksi kitandani kwa wazazi. Chungwa au chenza huwa chini kabisa, penye kidole gumba. Zawadi kubwa zinasubiri chini ya mti, na hapo uwe makini, kwa sababu desturi ni kinyume na yetu. Kwetu zawadi hufunguliwa mgeni akishaondoka. Hapa unafungua mbele ya aliyekupa, watu wote wanakutazama, na unatakiwa ufurahi papo hapo, hata kama ni soksi. Nyumba nyingine wanafungua wote kwa pamoja, karatasi zinaruka. Kwa wazazi wa wifi yako ni mmoja mmoja, kwa zamu, na inachukua asubuhi nzima. Ndani ya mfuko unaweza kukuta risiti isiyoonyesha bei, ili ukarudishe dukani kama hakikukufaa. Mimi nililiona jambo hilo la ajabu, siku hizi naliona la busara.

Mlo ni mmoja, na ni mkubwa, kati ya saa saba na saa kumi. Wengi wanakula bata mzinga wa kuoka, ambaye ukweli wake, mwanangu, ni mkavu kuliko kuku wetu wa kienyeji, ndiyo maana anasindikizwa na kila aina ya unyevu: mchuzi mzito wa kahawia, sosi ya matunda madogo mekundu yenye uchachu, na sosi nyingine nyeupe ya mkate na maziwa ambayo utaipita tu. Viazi ndivyo vyenye heshima. Vinachemshwa kidogo, vinatikiswa vichubuke, kisha vinaokwa kwenye mafuta ya moto ya bata bukini mpaka vikauke nje na kubaki laini ndani. Nyumba inapimwa kwa viazi vyake. Kuna soseji ndogo zilizovingirishwa bekoni, ambazo watoto wanazihesabu, na kuna zile kabichi ndogondogo, ukubwa wa kokwa la parachichi dogo. Kila Mwingereza anazisema vibaya na kila Mwingereza anazipika. Utawekewa tatu. Kula mbili.

Kabla ya kula kuna kraka: bomba la karatasi ya rangi, linaloshikwa huku na huku na kuvutwa na watu wawili mpaka lipasuke kwa mlio. Alilibuni muuza peremende wa London aitwaye Tom Smith miaka ya 1840. Ndani kuna kitu kidogo kisicho na kazi, kichekesho kibaya kilichoandikwa kibaya kwa makusudi ili wote wagune pamoja, na taji la karatasi. Taji unavaa. Baba mkwe ambaye hajamkumbatia mkwewe hata siku moja, jaji mstaafu, daktari, bibi wa miaka tisini, wote wanakula wakiwa na mataji ya karatasi, na hakuna anayecheka kwa sababu hakuna aliyebaki bila taji. Hayo ndiyo mapenzi yao ya hadharani. Kwa watu wagumu wa kukumbatiana, usiyachukulie kwa wepesi.

Kisha pudini. Ni nyeusi, nzito, ya zabibu kavu, mafuta, viungo na pombe, inapikwa kwa mvuke saa nyingi na kuwekwa wiki kadhaa ikomae. Siku hizi wengi wananunua dukani, lakini mama wa wifi yako hukoroga yake Jumapili ya mwisho kabla ya Majilio, kwa kuwa sala ya kanisa ya Jumapili hiyo inamwomba Mungu aichochee mioyo ya watu wake, na tangu zamani wanawake waliposikia neno hilo walikumbuka mwiko. Kila mtu wa nyumba anakoroga mara moja na kunuia jambo moyoni. Mezani wanazima taa, wanaimwagia brandi iliyopashwa moto, wanaiwasha, na inaingia ikiwaka moto wa buluu. Wote wanapiga makofi. Nusu yao hawaipendi na wameandaliwa keki ya chokoleti.

Saa tisa alasiri ni hotuba ya Mfalme. George V ndiye aliyeanza, redioni, mwaka 1932. Malkia Elizabeth akaonekana kwenye televisheni mara ya kwanza mwaka 1957, na Charles alitoa yake ya kwanza mwaka 2022. Nyumba nyingine wananyamaza kabisa, nyingine wanaitumia kuosha vyombo. Baada ya hapo ni kutembea, hata kama mvua inanyesha, na huwa inanyesha. Theluji ya kwenye kadi usiitegemee. Kabla ya saa kumi jua limezama. Jioni ni televisheni, michezo ya mezani inayoleta ugomvi mdogo kila mwaka kuhusu sheria, na wanaume wanaolala kwenye makochi midomo wazi. Boxing Day, ambayo nasi tumeirithi kwenye kalenda yetu bila kuuliza, ni mabaki ya nyama kwenye mkate, mpira, na foleni za maduka.

Si kila nyumba iko hivyo. Waskoti kwa karne nyingi hawakuijali siku hii, kwa kuwa kanisa lao la mageuzi liliipiga marufuku, na tarehe 25 haikuwa sikukuu ya kitaifa kwao hadi mwaka 1958. Wao nguvu yao iko usiku wa mwaka mpya. Hata England, Bunge la Wapuritani liliifuta Krismasi mwaka 1647, na Desemba ile watu wa Canterbury wakafanya ghasia kwa sababu wenye maduka walilazimishwa kufungua. Ikarudi pamoja na mfalme mwaka 1660. Kwa hiyo waliokuambia kwamba zamani Waingereza walikuwa wacha Mungu na sasa wameharibikiwa, waambie kwamba waliowahi kuizima Krismasi hapa walikuwa ndio wacha Mungu wakubwa kuliko wote.

Na kuna upande wa uchungu, nisikufiche. Siku iliyofungwa ndani hivi inamuumiza aliye peke yake kuliko siku nyingine yoyote. Wazazi walioachana wanagawana mtoto: asubuhi kwa mama, kesho yake kwa baba, mkoba mkononi. Mama yako, kwenye nyumba ya wazee anakofanya kazi, anajua nani atapigiwa simu na nani hatapigiwa. Wenzake Waislamu na Wahindu huchukua zamu ya tarehe 25 ili wenye watoto wakae nyumbani, naye hulipa zamu hizo wakati wa Idi na Diwali. Ukumbi wa kanisa letu hupika kwa wasio na pa kwenda, na madereva wenye magari binafsi huwafuata wazee milangoni kwa kuwa mabasi hayapo. Mwaka juzi niliendesha mimi. Abiria wangu wa kwanza alikuwa amevaa tai na alikuwa amesimama nje tayari, nusu saa kabla ya muda.

Jirani yetu mjane hakubali mwaliko mara ya kwanza. Anasema hataki kusumbua. Mama yako huanza kumwalika mapema Novemba, akijua jibu litakuwa hapana, kisha hapana, kisha basi nitakuja na divai. Ukiishi hapa unajifunza kwamba hapana ya kwanza ni adabu tu.

Sasa, wanasherehekea nini? Nikijibu kwa niaba yao, wangesema familia. Mimi naona wamebaki na sikukuu kama mtu aliyerithi nyumba ya babu: majina ya vyumba ameyasahau, lakini kila jioni anawasha taa ile ile ya barazani. Padri wetu anasikitika. Mimi sisikitiki sana. Kila Desemba watoto wao bado wanasimuliwa kwamba mama mmoja mchanga alikosa chumba, na watu wazima wanaimba maneno wasiyoyaamini kwa sauti za watu wanaoyaamini. Mungu atajua la kufanya na jambo hilo. Wewe usije ukawahubiria mezani, nakujua.

Kuhusu mwaliko: tukiambiwa saa sita, tunafika saa sita na dakika tano, si mapema, na hatumbebi mtu asiyetajwa. Shati la kawaida la heshima latosha, na sweta la ajabu mama yako ameshakununulia. Jitolee kuosha vyombo. Watakataa, jitolee tena. Wiki ile ile andika kadi ya shukrani kwa mkono, mama mkwe huyo anazitunza kwenye droo.

Zawadi: mletee yeye kitenge, na mzee kahawa ya Kilimanjaro iliyosagwa, nusu kilo. Watoto wote wameshapata vya kutosha, lakini huyu wetu anataka ngoma, na wazazi wake wameniomba nikuambie iwe ndogo. Nyama na maziwa usibebe, hawaruhusu. Na zawadi usizifunge kwa karatasi huko, watu wa uwanja wa ndege wakitaka wanaweza kuzifungua. Karatasi ipo hapa, roli tatu, mama yako alizinunua kwa bei ya chini Januari.

Msalimie bibi yako. Mwambie pesa ya mbuzi wa Krismasi nimeituma kwenye simu yako, si ya baba yako mdogo.

Ni mimi baba yako